Wadi Mbili

Kwa Kiswahili cha mama, wadi ni chumba cha hospitali,
vitanda vinane na harufu ya dawa ya sakafu.
Hapa Maskati wadi ni korongo kavu
linaloisubiri mvua kama mdai asiyechoka.
Kaka yangu Harub amelala katika zote mbili.

Ile ya kwanza iko nyuma ya nyumba yetu.
Baada ya Isha alishusha gari mpaka kwenye kokoto,
akazima taa. Nakwenda kupunga upepo, alisema.
Upepo gani, Julai,
ukuta ukichoma kiganja saa tano za usiku?
Hatukuuliza. Sisi ni watu wa kufukiza.
Mama aliongeza udi chetezoni, harufu juu ya harufu,
na asubuhi nilipiga pasi kanzu yake, nikaitia marashi kolani.

Mwaka ule mvua ikashuka milimani,
wadi ikaja na chupa zake mpaka kizingitini,
moja moja, zimeoshwa, ziking'aa.
Mama alizijaza gunia la mchele.
Mtoto wa jirani alipouliza, akamwambia: za siki.

Daktari Rayya ni binti wa Ibra,
Kiswahili chake amekirithi kwa bibi yake, kina vumbi tamu.
Unakunywa?
Kahawa.
Na kingine?
Mtindi, alisema Harub, akitazama dari.
Daktari hakubisha. Aliuchukua mkono, akaugeuza:
kiganja chekundu kama cha bwana harusi.
Alishusha kope: manjano.
Alifungua kifungo cha kanzu: kifuani
buibui wadogo wekundu, kila mmoja na miguu yake.
Nyoosha mikono, kama unayesimamisha gari.
Mikono ikapiga mbawa.

Kisha akanigeukia mimi. Miaka mingapi?
Kumi na tisa, nikasema.
Neno lilitoka kabla aibu haijavaa viatu.

Shinuna, alisema kaka yangu, umenikata maini.

Daktari aliendelea kuandika.
Ini halipigi kelele, alisema,
linaumia kimya kama mke wa mtu mwenye cheo.
Siku likisema, limeshasema mengi.

Usiku wa pili bila kileo
aliona paka chini ya kitanda,
akawaita kwa majina, paka wa utoto wetu, waliokufa wote.
Sista Lisamma alimpa kidonge, akakaa naye,
akachungulia chini ya kitanda kwa heshima
na kusema wameondoka.

Asubuhi walimchoma sindano ubavuni mwa tumbo.
Maji yakatoka, rangi ya chai isiyokolea,
yakijaza chupa ya kioo, na nyingine, na nyingine.
Nilizihesabu. Lita sita.
Zile za korongoni sikuwahi kuzihesabu.

Tumefundishwa mapishi upya.
Chumvi, hapana. Papa mkavu, hapana;
mama alilia kwa ajili ya papa,
hakuwa amelia bado kwa ajili ya mwanawe.
Sharubati nzito mara tatu kwa siku,
sumu ishuke chooni isipande kichwani.
Kamba yenye jicho imepita kooni
ikaifunga mishipa iliyovimba, kama mtu afungavyo mifuko ya soko.
Na pombe? Hata ya kuonja, hata ya sikukuu ya wengine.
Harub alitikisa kichwa, ndiyo,
kwa uso niliouona mara nyingi.

Likigoma kabisa, alisema daktari mlangoni,
kuna njia ya kupandikiza. Kwanza tuone miezi, bila tone.
Mtu mzima anaweza kukatiwa kipande cha ini lake
na kilichobaki kikakua tena.
Alisema hivyo akitafuta kalamu mfukoni, si kwa kunitazama.

Nilirudi kitandani. Kaka amelala, mdomo wazi,
kiyoyozi kinamsomea lugha yake moja.
Nikajikuta nimeshika ubavu wangu wa kulia
kama mtu anayepapasa mfuko sokoni
kujua kama bado anacho.